Róbert Bárány, munganga mwenye alisoma kizunguzungu ndani ya macho



Leo ninapenda kuwaelezea maisha ya munganga mumoja mwenye alikufa zamani, mwaka wa 1936, mbali sana na kwetu. Lakini kila mara munganga ao infirmiye analalisha mugonjwa wa kizunguzungu juu ya kitanda na kumuangalia macho, anafuata njia yenye huyu mutu alifungua. Jina lake ni Róbert Bárány.

Nilianza kutafuta habari zake juu ya kesi moja yenye ilifika kwetu kwenye sendika. Ndugu mumoja wa ekipe yetu aliamuka asubuhi, akajigeuza kitandani, na nyumba yote ikazunguka. Ikapita. Akakuja kazini. Chini ya mugodi, vile alipandisha kichwa kwa kuangalia jiwe la juu, ikamupata tena, akaanguka kwa magoti na kutapika. Shefu alisema ni lutuku ya jana. Wakamurudisha kwao na kumukata siku tatu. Mutu huyu hanywi. Wengine kwenye kartiye wakasema amelogwa. Mwishoni infirmiye moja, mwanamuke mwenye umri, alimulalisha kwa haraka, kichwa kimegeuka upande wa kuume, akamuambia asifunge macho. Kisha akatuita siye tuone. Macho yalikuwa yanakimbia na kuzunguka yenyewe, karibu nusu dakika, kisha yakatulia. Pale njo nilimuuliza nani alifundisha watu kuangalia vile. Akanipa jina.

Bárány alizaliwa tarehe 22 mwezi wa nne, mwaka wa 1876, katika muji wa Vienna, muji mukubwa wa ufalme wa Austria na Hungaria. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na baba yake alikuwa musimamizi wa mashamba. Yeye alikuwa mutoto wa kwanza kati ya watoto sita. Angali mudogo, kifua kikuu kilimushika, si kwenye mapafu lakini kwenye mifupa. Alipona, lakini goti moja lilibaki gumu, halikunji tena. Ugonjwa ule njo ulimuvuta kupenda kazi ya uganga. Tena goti halikumuzuia: alicheza tenisi, alipanda milima, na piano alipiga maisha yake yote.

Alimaliza masomo ya uganga kwenye universite ya Vienna mwaka wa 1900. Akaenda Ujerumani kujifunza zaidi kwa walimu wakubwa wa magonjwa ya ndani na ya akili, kisha akarudi kwao na kujifunza kupasua. Mwaka wa 1903 akaingia katika kliniki ya masikio ya Vienna, chini ya professeur Adam Politzer, mwenye jina lake lilijulikana dunia nzima kwa magonjwa ya masikio.

Musomaji ataniuliza: kizunguzungu kinaingilia wapi katika masikio? Zamani hata wanganga hawakujua. Mutu akianguka na kutapika walisema damu imepanda kwenye ubongo, na wengine walimutoa damu. Ilikuwa paka mwaka wa 1861, kule Paris, munganga Prosper Ménière alionyesha kwamba kizunguzungu kinaweza kutoka ndani ya sikio. Kisha watu wengine wa elimu wakaeleza mashini yenye iko mule. Ndani kabisa ya mufupa wa sikio muko mifereji mitatu midogo, yenye kupinda sawa nusu ya duara, kila mumoja umeelekea upande wake. Imejaa maji. Ukigeuza kichwa, maji yanachelewa kidogo, yanasukuma kizibo laini chenye nywele ndogo sana, na nywele zinatuma habari kwa ubongo kwamba kichwa kimegeuka. Ubongo, bila kukuuliza, unapeleka macho upande wa pili kusudi uendelee kuona vizuri.

Ujaribu sasa. Shika gazeti hili mbele yako na utikise kichwa: utaendelea kusoma. Kisha tuliza kichwa na utikise gazeti kwa mwendo ule ule: maandiko yanapotea. Tofauti ile ni kazi ya mifereji ya sikio. Njo maana jicho linaweza kutoa siri ya sikio.

Lakini katika mwaka wa 1903 kujua hivi hakukusaidia mugonjwa mwenye alilala kitandani. Munganga hakuwa na njia ya kuuliza sikio moja moja kama bado linafanya kazi.

Kazi ya Bárány kule kliniki ilikuwa kazi ya kila siku, kazi ya kijana. Watu walikuja na masikio yenye usaha, naye aliyaosha kwa bomba dogo la maji. Aliona kwamba wengi, vile anawaosha, wanalalamika dunia inazunguka, na macho yao yanacheza: yanakwenda polepole upande mumoja, yanarudi kwa haraka upande wa pili, tena na tena. Mwendo ule wanganga wanauita nistagmusi. Wanganga wengine nao waliuona mbele yake, wakapita.

Siku moja mugonjwa mumoja akamueleza kwamba kizunguzungu kinamupata paka kama maji hayana moto wa kutosha. Kwake nyumbani anajiosha mwenyewe na maji ya moto kidogo, na hakuna kitu kinamupata. Bárány akamuomba mwanamuke mwenye kumusaidia alete maji yenye moto zaidi. Yeye akakatala, akasema maji iko sawa. Wandugu, hapa njo muangalie vizuri. Kijana yule angeweza kusema mugonjwa hajui kitu. Hakusema vile. Alisema kama mugonjwa anasikia maji ni baridi, basi tutamufuata mugonjwa.

Mara ingine maji yakaletwa moto kupita. Mugonjwa akalalamika kwa nguvu kwamba yanamuchoma, na tena kizunguzungu kimerudi. Bárány akakimbilia kuangalia macho. Macho yalikuwa yanacheza, lakini upande mwingine kabisa, kinyume cha ile ya maji ya baridi.

Pale akaelewa kwamba moto na baridi njo vinafanya kazi, si nguvu ya maji. Lakini namna gani? Alikumbuka tanki ya kupashia maji ya kuoga: maji ya moto yanapanda juu, ya baridi yanashuka chini. Ukitia maji ya baridi katika sikio, upande ule wa mufereji unapoa, maji yenye kuwa ndani yanakuwa mazito, yanashuka, na mukondo unaanza. Ubongo unadanganyika, unaamini kichwa kinageuka, unatuma macho. Ukitia maji ya moto, mukondo unageuka, na macho yanageuka nayo. Kama alisema kweli, basi ukipindua kichwa cha mugonjwa juu chini, macho yapaswa kucheza kinyume. Akajaribu. Yakacheza kinyume.

Alitoa kazi hii kwa maandishi mwaka wa 1906, akiwa na miaka 30. Faida yake ilionekana mara moja. Wakati ule hakukuwa dawa za kuua vijidudu sawa za leo. Usaha wa sikio uliweza kuingia ndani, kisha kwenye ubongo, na mutu anakufa. Mwenye kupasua alipaswa kujua kama sikio la ndani lingali linaishi ao limekufa. Sasa alitia maji tu: macho yakicheza, sikio linaishi, yasipocheza, kuna mambo makubwa. Sikio la kuume na la kushoto, kila moja linajibu peke yake. Hakuna mashini ya bei kali. Maji, bomba, na munganga mwenye kuangalia.

Nitaongeza jambo moja kusudi nisidanganye mutu. Mwaka wa 1983 watu wa anga walijaribu kitu kama hiki huko juu, ndani ya chombo Spacelab, fasi kitu hakina uzito na maji ya moto hayapandi. Macho yakacheza hata hivyo. Kwa hiyo maelezo ya mukondo hayakamilishi yote, kuna sababu ingine pembeni. Lakini majaribio yenyewe yangali yanatumika katika hospitali za dunia.

Bárány hakuishia pale. Alifanya kiti chenye kuzunguka: unakalisha mutu, unamuzungusha, unasimamisha kwa gafula, unaangalia macho. Kiti kile kinaitwa kwa jina lake, na watu wenye kujifunza kuendesha ndege wanakijua. Alifanya tena majaribio ya kidole: mugonjwa anagusa kidole cha munganga, anafunga macho, anashusha mukono na kuurudisha. Kama mukono unakwenda pembeni, sikio la ndani ao ubongo mudogo wa nyuma haufanyi kazi vizuri. Mwaka wa 1909 alipata ruhusa ya kufundisha katika universite, na mwaka ule ule akaoa bibi yake, Ida Berger. Walizaa watoto watatu, wavulana wawili na binti mumoja.

Kisha vita ikaanza, mwaka wa 1914. Mutu wa goti gumu hakulazimishwa kwenda, lakini alijitolea kama munganga. Wakamutuma Przemyśl, muji wenye boma kubwa ambao leo uko ndani ya Poland. Alitunza watu wenye risasi ziliingia katika kichwa, na akatafuta njia nzuri ya kufunga vidonda vile. Warusi walizunguka boma miezi mingi. Chakula kikaisha, na mwezi wa tatu mwaka wa 1915 boma likaanguka. Bárány akachukuliwa mateka pamoja na maelfu ya askari, wakamupeleka mbali sana, mpaka Merv, muji wa Asia ya kati, ndani ya nchi yenye leo inaitwa Turkmenistan. Kule malaria ilimushika. Alifanya kazi ya uganga katika kambi, akatunza wafungwa na wenyeji.

Njo katika kambi ile habari ilimufikia. Zawadi ya Nobel ya uganga ya mwaka wa 1914 haikutolewa kwa wakati wake; iliwekwa mpaka mwaka wa 1915, na sasa imetolewa kwake yeye, mufungwa mwenye malaria. Mwana wa mufalme wa Uswidi, Carl, mwenye alisimamia Msalaba Mwekundu wa nchi yake, aliongea na Warusi, na mwaka wa 1916 Bárány akaachiliwa. Akaenda Stockholm, mufalme akamupa zawadi mukono kwa mukono.

Mutu angefikiri kwamba kwao Vienna watamupokea na ngoma. Hapana. Wenzake wa universite walimushitaki kwamba katika maandishi yake hakutaja vya kutosha wale wenye walimutangulia. Mimi si wa kuamua kesi ile, na ni kweli kwamba hakuna mutu mwenye kuanza kazi bila wengine kuchimba mbele yake. Lakini walimufungia njia, naye alichoka roho. Mwaka wa 1917 akakubali mwito wa Waswidi, akahamia Uppsala, akasimamia kliniki ya masikio na kufundisha huko mpaka kufa. Mutu wa kazi mwenye aliachishwa kwao na kukubaliwa ugenini ataelewa.

Kule Uppsala, mwaka wa 1921, aliandika juu ya mwanamuke kijana wa miaka 27. Mwanamuke huyu alikuwa anapatwa na kizunguzungu kikali vile tu analalia upande wa kuume. Bárány alimulaza mwenyewe na kuangalia. Macho yalianza kuzunguka kwa nguvu, mwanamuke akasikia kutapika, na kisha nusu dakika hivi yote yakaisha. Akamugeuza tena palepale: hakuna kitu. Ilibidi alale kwanza kwa mugongo ao kwa kushoto muda fulani, njo kizunguzungu kikubali kurudi. Musomaji, linganisha na ndugu yetu wa mugodi. Miaka mia moja imepita, nchi ingine, kazi ingine, na ugonjwa uko vile vile.

Bárány alisema ubaya uko katika sehemu ya sikio yenye kubeba vijiwe. Hakuona mambo yote, lakini alikuwa karibu. Leo inajulikana kwamba katika sikio la ndani muko fasi yenye vijiwe vidogo sana vya chokaa, kazi yao ni kutuambia juu ni wapi na chini ni wapi. Vikibanduka, kwa uzee, kwa kugongwa kichwa, ao bila sababu ya kuonekana, vinaweza kuingia katika mufereji mumoja. Kila mara unalala ao unaangalia juu, vinateremuka, vinasukuma maji, na ubongo unaamini unazunguka. Vikifika chini, kila kitu kinatulia. Siye wachimbaji tunajua vizuri mambo ya jiwe lenye kuteremuka.

Mwaka wa 1952, kule London, Margaret Dix na Charles Hallpike walipanga vizuri namna ya kupima. Mugonjwa anakaa juu ya kitanda, kichwa kinageuzwa nusu upande mumoja, kisha analazwa haraka, kichwa kikining'inia kidogo chini ya usawa wa kitanda, macho wazi. Unangoja sekunde chache. Kama vijiwe viko upande ule, macho yanaanza kuzunguka, na hayafiki dakika moja yanatulia. Kisha unapima upande wa pili. Miaka ingine mbele, Mmarekani John Epley alionyesha kwamba ukigeuza kichwa hatua kwa hatua unaweza kutoa vijiwe kwenye mufereji na kuvirudisha kwao. Hakuna sindano, hakuna kupasua. Wengi wanapona siku ile ile ao kisha mara mbili tatu. Hivi njo infirmiye wetu alifanya kwa ndugu yetu.

Bárány mwenyewe hakuona hayo. Alikufa Uppsala tarehe 8 mwezi wa nne, mwaka wa 1936, ikibaki siku kumi na nne afikishe miaka 60. Wavulana wake wawili wakawa watu wa uganga vilevile, na binti yake akaishi Marekani. Mwaka wa 1960 wanganga wa masikio na kizunguzungu wa nchi mbalimbali waliunda chama, wakakipa jina la Bárány. Chama kile kingali kipo.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu sikuandika hii juu ya kusifu mufu peke yake.

Kwanza: kizunguzungu chenye kuja vile unageuka kitandani ao vile unaangalia juu si aibu, na si lazima pombe wala uchawi. Lakini ni hatari kazini. Usipande ngazi, usikaribie mashini yenye kuzunguka, usiendeshe gari mpaka umepimwa. Bibi nyumbani, kama bwana anashika ukuta asubuhi, usimuache aende chini ya mugodi kwa kuogopa kukatwa siku.

Pili: usiache rafiki akupindue kichwa kwa kucheza, zaidi kama shingo liliumia ao jiwe lilikuangukia. Kazi hii inafanywa na mwenye kujifunza. Na kama kizunguzungu kinakuja pamoja na mukono wenye kufa ganzi, mudomo wenye kupinda, kuona vitu viwili viwili, maneno yenye kukwama ao kichwa chenye kuuma kwa gafula, ile ni ingine, kimbia hospitali saa ile ile.

Tatu, kwa wakubwa wa kazi. Pombe nayo inachezesha macho, hatukatai. Lakini ya pombe haikatiki kisha nusu dakika: inaendelea sawa vile mutu anabaki amelala. Mwenye kujifunza anaona tofauti. Kwa hiyo siye wa sendika tunaomba kitu kidogo: mbele ya kuandika kwenye karatasi ya mutu kwamba alikuwa mulevi, alazwe kitandani na aangaliwe macho na infirmiye. Ni dakika tano. Haiombi franga.

Ndugu yetu alirudi kazini juma lenye lilifuata. Siku zake tatu bado hazijalipwa. Barua ya pili imekwisha kwenda, na ndani yake tumeandika vile macho yake yalionekana, upande gani na kwa muda gani, na infirmiye ametia sahihi.

Mubaki salama, na muangaliane.